Kishika Mwendo cha Gari Letu

Ndugu wasomaji, katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mashamba, za shule, na za malezi ya watoto. Leo twaomba nafasi tulete habari ya gari. Wala si gari la kujivunia, bali pikapu kuukuu iliyo nasi hapa Micheweni, kaskazini ya kisiwa cha Pemba. Huenda mtu akasema, "Mimi sina gari, habari hii yanihusu nini?" Twamwomba avumilie asome hata mwisho, maana jambo hili lilianza katika nyaya za gari, lakini halikuishia humo.

Sisi si wazaliwa wa hapa. Tulihamishiwa Micheweni mwaka 2016 kufundisha hesabu na sayansi. Nchi ya upande huu ni ya mawe, udongo wake ni haba, na watu wengi huishi kwa bahari: waume huvua, na wanawake hulima mwani. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, kisha kikaenea huku, na leo Pemba ndiyo itoayo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Apitaye Maziwa Ng'ombe au Tumbe huuona umeanikwa. Basi mwaka 2021 sisi na shemeji yetu tuliweka fedha pamoja, tukanunua pikapu iliyokwisha kutumika, ikavushwa kwa meli kutoka Unguja hadi Mkoani. Shauri letu lilikuwa kupakia mwani na mizigo ya watu, na faida tugawane nusu kwa nusu.

Gari lile lilikuwa na kitu ambacho hatukupata kukiona katika magari mengine ya huku. Kwenye usukani palikuwa na kijiti kidogo chenye vibonyezo. Aliyetuuzia alituonyesha kazi yake: gari likifika mwendo uutakao, tuseme kilomita 50 kwa saa, wakibonyeza, nalo hushika mwendo ule ule peke yake, mguu wako ukapumzika. Ukikanyaga breki au klachi, huachia mara moja. Mafundi hukiita kruzi; sisi tutakiita kishika mwendo, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Twakiri ya kuwa njia za Pemba si mahali pake hasa. Kisiwa kina vilima na kona nyingi, na vijiji viko karibu karibu. Lakini katika vipande vichache vya lami, kama njia itokayo Ole kwenda Konde, tulikitumia asubuhi na mapema njia ikiwa tupu. Goti letu la kulia liliumia zamani katika mpira, nasi tulipata raha. Tena twakiri jambo la pili: tulipenda kuwaonyesha abiria mguu wetu umekunjwa na gari laenda. Watoto wa shule walisema, "Gari la Mwalimu lajiendesha," nasi hatukuwakataza.

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze kwa ufupi namna kifaa hiki kifanyavyo kazi, maana tangu kale chombo cha kujiongoza chenyewe kimewashughulisha watu wenye akili. Mwaka 1788 James Watt alitia katika mtambo wa mvuke vyuma viwili vya mviringo vizungukavyo. Mtambo ulipokwenda mbio, vyuma vilitanuka vikapunguza mvuke. Ulipolegea, vilishuka vikaongeza. Kishika mwendo cha gari ni mjukuu wa shauri lile. Aliyekibuni ni Mmarekani, jina lake Ralph Teetor, mzaliwa wa mwaka 1890 katika jimbo la Indiana. Mtu huyu alikuwa kipofu tangu utoto wake, wala hakupata kuendesha gari kama tuendeshavyo sisi. Yasimuliwa ya kuwa alikuwa akipanda gari la wakili wake, na yule wakili kila aliposema alipunguza mwendo, na kila aliponyamaza aliongeza, hata Teetor akachoka kwa kusukwasukwa. Akatafuta dawa. Alipewa hati ya ubunifu wake mwaka 1950, na kampuni ya Chrysler ikaanza kukiuza ndani ya magari yake ya mwaka 1958. Ndivyo mtu asiyeona alivyolihisi kosa ambalo dereva mwenye macho hakulijua.

Katika gari la umri kama letu, chini ya boneti mna bakuli lenye ngozi ya mpira ndani yake. Injini hunyonya hewa kutoka bakuli hilo kwa mpira mwembamba. Ngozi ikinyonywa hujikunja, huvuta kebo, na kebo huongeza moto wa injini. Sanduku dogo la umeme ndilo lenye amri. Hilo hupata habari za mwendo kutoka kifaa kilichofungwa kwenye giaboksi. Likiona gari lachoka mlimani huvuta zaidi, na likiona lakimbia hulegeza. Na juu ya yote, sanduku hilo husikiliza breki. Breki ikiguswa, huacha kazi yake papo hapo.

Sasa turudi kwenye habari yetu. Siku ya tarehe 11 Machi mwaka 2023, tukiwa katika njia ya Ole, tulibonyeza kama desturi, na gari halikushika. Tukabonyeza tena na tena. Ni kama kumsemesha mtu aliyelala. Hatukujali sana. Tuliandika katika daftari la gari, maana ni desturi ya mwalimu kuandika, tukaendelea na safari kwa mguu wetu wenyewe.

Miezi mitatu ikapita. Tarehe 19 Juni, yapata saa kumi na mbili na nusu jioni, tulikuwa twarudi kutoka Konde. Jua lilikuwa limekwisha kuzama upande wa Ngezi, lakini mwanga ungalipo, nasi hatujawasha taa. Ghafla ng'ombe wawili wakakatiza njia, tukakanyaga breki kwa nguvu. Mara tukasikia kishindo nyuma. Mzee mmoja, mvuvi, alikuwa akitufuata kwa pikipiki, amepakia tenga la samaki, akaugonga ubao wa nyuma wa gari akaanguka. Samaki walitapakaa barabarani. Tukamwinua, tukampeleka hospitali hapo Micheweni. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika, akafungwa bega.

Siku chache baadaye wazee walikaa barazani watupatanishe. Sisi tukasema maneno ambayo watu wote huyasema, ya kuwa apigaye nyuma ndiye mwenye kosa. Yule mzee alisema neno moja tu: "Mwalimu, sikuiona taa ya breki." Nasi tukamjibu mbele ya watu, "Mzee wetu, taa zipo. Ila macho ya utu uzima hayaoni vema jioni." Watu wakacheka kidogo. Mzee akainama. Shauri likakatwa ya kuwa atalipa shilingi 150,000 za kutengeneza ubao wa nyuma, kwa mafungu matatu. Tukatoka barazani tumeridhika, tena tulijisifu mioyoni ya kuwa hatukudai zaidi.

Mwezi wa Agosti tulipata nafasi, tukasema, Sasa na tukitengeneze kile kishika mwendo. Tulimwita fundi kijana. Kabla hajafungua boneti tulikwisha kumwambia ugonjwa: "Mpira wa hewa umepasuka. Badilisha." Tulikuwa tumesoma ya kuwa mipira ya namna hii hukauka na kupasuka kwa joto, na ni kweli. Kijana akabadilisha mpira. Gari halikushika. Tukamwambia, "Basi ni bakuli." Akatafuta bakuli katika gari bovu, akalifunga. Halikushika. Tulikwisha kutoa shilingi 95,000, nasi tukamkemea kijana kana kwamba shauri lilikuwa lake. Naye, kwa adabu, hakutukumbusha ya kuwa kila alilolitenda sisi ndio tuliolitaja.

Baadaye tukaambiwa habari za fundi mmoja wa Wete, mtu mzima, ambaye zamani alifanya kazi ya umeme wa magari. Tukamwendea. Huyu hakushika spana. Alivuta kiti akakaa, akaanza kuuliza kama mganga mwema aulizavyo.

"Kilikataa ghafla, Mwalimu, au kidogo kidogo?"

"Ghafla."

"Mshale wa mwendo wafanya kazi?"

"Wafanya."

Akasema, "Vema. Katika gari hili kifaa kinachopeleka habari kwa mshale ndicho kinachopeleka kwa sanduku. Kama mshale wapanda, huko ni kuzima. Na ile taa ndogo ya kijani huwaka ukibonyeza swichi?"

"Huwaka."

"Basi umeme wafika, na fyuzi yake haijakatika. Na taa za breki?"

"Zawaka," tukasema.

Akatutazama. "Nani alizitazama?"

Tukanyamaza. Ndugu msomaji, tuliendesha gari lile miaka miwili, wala hatukupata hata mara moja kuziona taa zake za breki zikiwaka. Tungeziona wapi? Wakati zinapowaka dereva yu mbele, amekanyaga. Ni watu wa nyuma tu wazionao.

Fundi akamtuma mwanafunzi wake asimame nyuma. "Kanyaga, Mwalimu." Tukakanyaga. Mtoto akasema, "Haziwaki." "Kanyaga tena." "Haziwaki, hata moja."

Ndipo akatueleza jambo ambalo sisi, walimu wa sayansi, hatukulijua. Katika magari mengi ya zamani sanduku la kishika mwendo limeunganishwa na waya uendao kwenye taa za breki. Breki isipokanyagwa, sanduku huona njia ya umeme kupitia globu za nyuma hadi chuma cha gari, nalo hujua ya kuwa mambo yote ni sawa. Lakini waya ukikatika, au globu zote zikiungua, sanduku halioni njia. Husema, kama ingekuwa na kinywa, "Mimi sina hakika kama nitasikia breki ikikanyagwa, basi sitashika mwendo." Wala haliwashi taa ya hatari, wala halipigi kelele. Hukataa tu.

"Basi hakikuharibika?" tukamwuliza.

"Hakikuharibika. Chenyewe kilikuwa kizima. Kilikuwa kinakuambieni habari, nanyi hamkusikia."

Akachukua taa ya kujaribia, globu ndogo yenye nyaya mbili. Akaigusa kwenye swichi ya breki juu ya kikanyagio: tulipokanyaga, ikawaka. Akaigusa nyuma penye taa: haikuwaka. "Swichi ni nzima," alisema, "kosa li katikati." Akalala chini ya gari akaufuata waya kwa vidole, hata akafika kwenye kiungo kilicho chini ya kitanda cha mizigo. Akakivuta, kikamvunjikia mkononi. Shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani.

"Mwapakia mwani mbichi?" akauliza.

Tukasema ndiyo, siku za haraka twapakia unaotiririka maji.

"Mnatandika turubali? Mnaosha chini kwa maji baridi?"

Tukasema hapana. Wala hapakuwa na haja ya kusema zaidi. Maji ya chumvi yalidondoka juu ya kiungo kile safari baada ya safari mpaka yakakila. Waya wa taa za usiku ni mwingine, nao ulikuwa mzima. Ndiyo maana kila tulipozunguka gari usiku tuliona nyekundu ikiwaka, tukadhani taa za nyuma ni nzima zote.

Akakata mahali palipooza, akaunga waya mpya, akaupaka grisi na kuufunga vema, akabadilisha na globu moja iliyoungua. Hakugusa kitu kingine. Tukatoka naye hadi penye njia nzuri, tukafika kilomita 50, tukabonyeza, na gari likashika kama siku ya kwanza. Malipo yake yalikuwa shilingi 20,000.

Hapa twapenda kuandika utaratibu wake, umfae mwenye gari la namna hii. Kwanza, tazama taa za breki, na mtu mwingine asimame nyuma, maana ni kazi isiyo na gharama. Pili, tazama fyuzi. Tatu, angalia mshale wa mwendo kama wapanda sawasawa. Nne, swichi zilizo juu ya vikanyagio vya breki na klachi, kama hazikulegea. Tano, ndipo uangalie mipira ya hewa, bakuli na kebo. Sisi tulianza na la tano kwa kuwa ndilo tulilolisoma. Tena kishika mwendo kisitumiwe katika mvua, wala kona, wala penye watu na wanyama. Na kikikataa kuachia, kanyaga breki na klachi kwa nguvu, kisha zima swichi yake. Wala mtu asidharau swichi ndogo. Kati ya mwaka 1999 na 2009 kampuni ya Ford huko Marekani iliyaita magari zaidi ya milioni 14 yarudishwe kutengenezwa kwa sababu ya swichi moja ya kuzimia kishika mwendo, ambayo ilivuja mafuta ya breki ndani yake na iliweza kuwaka moto hata gari likiwa limezimwa.

Jioni ile tulirudi nyumbani na furaha. Baada ya kula tukafungua daftari tuandike gharama. Tukageuza kurasa nyuma kutafuta siku ambayo kishika mwendo kilianza kukataa, tukasoma kwa mwandiko wetu wenyewe: "11 Machi. Kishika mwendo hakishiki, njia ya Ole." Ukurasa wa pili yake tukasoma: "19 Juni. Tumepigwa nyuma na pikipiki."

Tuliketi pale muda mrefu. Hesabu yake ni nyepesi, mtoto wa darasa la nne angeikata. Kishika mwendo kilikataa kwa sababu waya wa taa za breki ulikuwa umekatika. Ulipoungwa, bila kubadilishwa kitu kingine siku ile, kikashika. Basi tangu Machi gari lilikuwa halina taa za breki. Basi mwezi wa Juni, jioni ile, mzee alikuwa nyuma ya gari lililosimama ghafla bila kumwambia. Alisema kweli. Macho yake yalikuwa mazima. Sisi ndio tuliokuwa hatuoni.

Tulimwambia shemeji yetu asubuhi. Akasema, "Shemeji, jambo lile limekwisha. Wazee wamekata. Nani ajuaye habari za waya ila fundi wa Wete, naye hamjui mzee?" Tukamjibu ya kuwa sisi twajua. Akasema, "Ukienda kusema, watu watauliza mengine. Utakuwa mwalimu wa namna gani mbele ya watoto?" Neno hilo lilitushika siku mbili, hatutaki kujifanya watu wema kuliko tulivyo. Siku mbili tulipita mbali na nyumba ya mzee. Siku ya tatu tulikuwa darasani, mtoto mmoja alipokosea hesabu akaifuta haraka ili tusiione. Tukamwambia, kama tuwaambiavyo siku zote, "Usifute; andika jibu sahihi kando yake, ujue ulikosea wapi." Maneno yakatoka kinywani, yakatugeukia.

Jioni tukaenda. Tukabisha hodi, tukakaribishwa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, Mwalimu, karibu." Bega lake lilikuwa bado halijanyanyuka vema, na tangu siku ile hakupata kwenda baharini. Mafungu mawili ya deni alikwisha kuyaleta, shilingi 100,000, na la pili alilipata kwa kuuza mbuzi. Tukamweleza habari yote: waya, kiungo, chumvi, daftari. Tukaweka fedha yake mkekani, tukasema ya kuwa fungu la tatu halipo tena, na samaki wake na dawa zake tutavilipa sisi.

Alikaa kimya, kisha akasema, "Nilikuambia sikuiona taa."

"Ulituambia, mzee."

"Hukunisadiki."

"Hatukukusadiki."

"Fedha naipokea, kwa kuwa ni haki yangu. Lakini lile neno la macho hukulisema hapa nyumbani kwangu, Mwalimu. Ulilisema barazani, watu wakacheka."

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumefikiri ya kuwa tumekuja kumaliza, kumbe tulikuja kuanza tu. Ijumaa iliyofuata, watu walipokuwa wametoka kusali wakakaa barazani, tukaomba ruhusa kwa wazee tukasimama mahali pale pale. Tukasema ya kuwa gari letu halikuwa na taa tangu Machi. Ya kuwa kosa la ajali lilikuwa letu. Na ya kuwa macho ya mzee ni mazima, na neno tulilolisema lilikuwa la uongo, ingawa wakati ule hatukujua. Mzee mmoja akauliza, "Hukujua, au hukutazama?" Tukasema, "Hatukutazama." Hakuna aliyecheka.

Kusema kweli, si mambo yote yaliyotengemaa. Shemeji yetu hata leo asema tulifanya haraka, wala fungu lake la fedha za mzee hakulitoa. Tulilibeba peke yetu, tukamaliza kulipa mwezi wa Desemba. Yule fundi kijana tulimwomba radhi, akapokea, lakini kazi zetu sasa asema ana shughuli. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Mzee alirudi baharini mwaka uliofuata. Siku moja alitukuta Konde twapakia mizigo, turubali likiwa limetandikwa chini ya mwani. Akaegemeza pikipiki yake, akaja nyuma ya gari, akasimama. Hakutusalimu kwanza. Akanyosha mkono wake akasema, "Kanyaga, Mwalimu."

Tukapanda, tukakanyaga breki, tukamtazama katika kioo. Alisimama imara akiangalia, kwanza kulia, kisha kushoto, bila haraka.

"Zawaka," akasema. "Lakini ya kushoto yafifia. Itazame."

Tukashuka tukaifungua. Chumvi ilikuwa imeanza kuingia.